Nasomea Programu, Naletewa Simu Zilizoingia Maji

Ukiwa Lamu na ukasema unasomea uhandisi wa programu, utaletewa simu. Utaletewa simu iliyoanguka baharini, simu ambayo mwenyewe kasahau nywila, printa ya madrasa inayotafuna karatasi. Jirani yetu mmoja wa Langoni aliwahi kuniletea king'amuzi cha televisheni kakifunga ndani ya leso kama maandazi ya kupelekewa mgonjwa. Sikatai. Nafungua, napuliza vumbi, na mara nyingine kitu kinafufuka chenyewe nami napewa sifa nisizozitolea jasho. Lakini simu ni chuma tu. Ninachosomea ni yale maagizo yanayoiambia simu ifanye nini, na zaidi ya hapo, namna ya kuyaandika ili watu wayategemee miaka na miaka, hata mwandishi akiwa hayupo.

Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyonivuta. Kuandika msimbo, yaani yale maagizo yenyewe, mtu anaweza kujifunza peke yake chumbani, akiwa na bando na subira. Uhandisi ni jambo jingine, na umri wake si mkubwa. Jina hilo lilipata nguvu mwaka 1968, katika mkutano uliofadhiliwa na NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, mjini Garmisch, Ujerumani, ambako wataalamu walikaa na kuambiana ukweli: programu kubwa zinachelewa, zinakula pesa kupita makadirio, na zikishakabidhiwa zinavurugika. Margaret Hamilton, aliyeongoza uandishi wa programu za vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini, alikuwa akiitumia istilahi hiyo enzi zile zile, na wenzake wakiichukulia mzaha. Mhadhiri alipotueleza haya darasani, nusu ya darasa lilikuwa likisinzia. Mimi nilizipenda habari hizo kwa sababu zilikuwa malalamiko. Watu wazima, wajuzi, wanakiri hadharani kwamba kazi yao haishikiki. Ufundi unaoanza kwa kukiri hivyo una nafasi ya mtu kama mimi.

Wenzangu wengi wanataka akili unde, na wengine wanataka kutengeneza michezo ya simu. Sina ugomvi nao, ingawa nikiulizwa nitasema kwamba akili unde imekuwa jibu kabla ya mtu kuuliza swali. Mapenzi yangu yako kwenye programu duni: za kuhesabu magunia, za kuandika nani kalipa na nani bado, za kukumbuka mzigo gani ushushwe wapi. Hizo hazipigiwi makofi. Zikikosea, watu wanagombana gatini.

Nalisema hilo kwa sababu ami yangu ana boti ya mizigo. Inatoka Lamu, inapita mkondo wa Mkanda, inashusha Mtangawanda na Faza, halafu Kizingitini, zote za kisiwa cha Pate. Unga, sukari, simiti, mabati, kreti za soda, mitungi ya gesi, godoro la bi harusi. Kila kitu kinaandikwa kwenye daftari moja la jalada gumu lililofungwa kwa raba, nalo linakaa ndani ya mfuko wa nailoni lisipate maji ya chumvi. Likizo moja ndefu nilimwendea.

"Ami, nikuandikie programu ya mizigo?"

"Ndoo ukae kwanza," akaniambia kwa Kiamu. "Uone mizigo."

Nikakaa. Asubuhi nilikuwa gatini juu ya magunia, kalamu mkononi, na mahamali wakiniuliza kama nimepewa kazi ya serikali. Naona hapo ndipo nilipoanza kusoma uhandisi, ijapokuwa chuo kikuu nilikuwa nimeshaingia zamani.

Ukurasa mmoja wa daftari lile unatosha kufundishia muhula mzima. Juu kabisa pana tarehe mbili, ya Kiislamu na ya kizungu. Chini yake mstari kwa mstari: jina, idadi, aina ya mzigo, mahali pa kushushwa. Majina ami huyaandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa utotoni, na idadi kwa tarakimu hizi za kwenye simu. Mstari unakwenda kulia kushoto, kisha ukifika kwenye nambari unageuka kushoto kulia, halafu unarudi. Jicho la ami halihisi lolote. Kishale cha kompyuta kinaruka huku na huku ukadhani kimepagawa. Nilifurahi kukuta kwamba kazi hiyo imeshafanywa na wengine: Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, inaipa kila herufi nambari yake, zikiwemo zile za p na ch ambazo Kiarabu chenyewe hakina, na inazo kanuni za kupanga maandishi yanayochanganya pande mbili. Kwa hiyo ami hakulazimika kubadili mwandiko wake ili kuifurahisha programu yangu. Nalitia maanani sana hilo. Fomu nyingi za mtandaoni tunazojaza hapa Kenya zinakutaka uwe na jina la kwanza, la kati na la ukoo, kwa herufi za Kilatini, na ukipungukiwa na moja unakwama.

Majina nayo yana mambo yake. Faza peke yake ina wafanyabiashara zaidi ya mmoja wenye jina moja na jina moja la baba. Ami anawajua kwa lakabu, kwa mtaa, au kwa mke wa nani. Upande wa pili, mtu mmoja anaweza kuandikwa Mwanaesha leo, Mwana Esha kesho, na Mwanaisha siku anayoandika binamu yangu. Somo la hifadhidata, yaani mahali data inapotunzwa kwa mpangilio, linasema kila mtu awe na ufunguo wake usiofanana na wa mwingine, na mifano ya kitabuni hutumia nambari ya kitambulisho. Jaribu kumwomba bibi wa makamo aliyeleta kikapu cha embe akutolee kitambulisho. Mwishowe kila mteja tulimpa nambari ya ndani ambayo haonyeshwi, na anachokiona ami kwenye kioo ni jina pamoja na lakabu, na pakiwa na utata, mtaa.

Halafu alama. Aliyelipa anawekewa vema. Aliyelipa nusu, kistari. Mara moja moja niliona duara ndogo pembeni, na hakuna aliyenieleza mpaka nilipouliza. Ni mzigo usiolipiwa: mbao za msikiti, dawa za zahanati, sanda.

"Sanda haina nauli," ami akasema, akaendelea kuandika.

Mfano wa darasani ungekataa mzigo wa bei sifuri, maana mhadhiri hutufundisha tuhakikishe bei ni zaidi ya sifuri. Sheria hiyo ni nzuri dukani Nairobi. Kwenye boti hii ingemlazimisha mtu kuandika uongo siku ya msiba.

Ila kitu nilichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote ni namna ami anavyorekebisha. Hafuti. Idadi ikibadilika, anapiga mstari mmoja juu ya ile ya zamani, mwembamba, ili isomeke, kisha anaandika mpya kando yake na herufi ya kwanza ya jina la aliyeisema. Nilimuuliza kwa nini asitumie rangi nyeupe ya kufutia, maduka yanayo tele.

"Nikifuta, kesho nitabishana na nani?"

Wahandisi wametumia akili nyingi kufika mahali alipo ami. Git, chombo cha kutunzia matoleo ya msimbo alichokiandika Linus Torvalds mwaka 2005 na ambacho sasa karibu kila mwandishi wa programu anakitumia, kimejengwa juu ya wazo hilo hilo: badiliko jipya linaongezwa juu ya la zamani, pamoja na jina la aliyelifanya na wakati wake. Benki nazo huandika vitabu vyao hivyo. Nilipoanza kupanga hifadhidata ya mizigo nilikataa kabisa kuweka kitufe cha kufuta. Binamu yangu alilalamika. Ami hakuona hata la kusifu, kwake yeye ndivyo ilivyo.

Faida ya kanuni hiyo iliniongezekea mahali nisipoitarajia. Boti ikishaacha Lamu, mtandao unakuja na kupotea. Kenya ina nyaya za intaneti za chini ya bahari tangu mwaka 2009, zinaingilia Mombasa, na mafunzo mengi unayoyakuta mtandaoni yanachukulia kwamba seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza data, ipo saa zote, kazi yako ni kuiuliza tu. Sasa tuna simu mbili: moja anayo ami gatini, nyingine anayo binamu botini. Zote mbili zinaandika, na hazionani mpaka jioni. Zikikutana, ipi iaminiwe? Swali hilo ni gumu kwa kweli, watu wamelifanyia utafiti wa miaka mingi. Lakini kama kila simu inaongeza mistari tu na haifuti wala haiandiki juu ya mwenzake, kukutana kwao ni kuunganisha orodha mbili kwa mpangilio wa wakati. Mistari yote inabaki. Ikipingana, inakaa pamoja kwenye kioo na ami anaamua, kama anavyoamua kwenye daftari.

Malipo yalisaidiwa na M-Pesa yenyewe, ambayo ilizinduliwa mwaka 2007 na leo hata hamali wa gatini anataka alipwe kwayo. Kila ujumbe wa malipo una msimbo wake wenye herufi na tarakimu, jumla 10. Ami akiyaingiza malipo Lamu na binamu naye akayaingiza kule Faza kwa sababu mteja kamwonyesha ujumbe ule ule, programu inaona msimbo mmoja na kuhesabu mara moja. Daftari haliwezi hivyo. Hapo nilipata angalau jambo moja la kumringia ami.

Na ndani ya simu data inakaa kwenye SQLite. Niliposoma historia yake nilicheka peke yangu. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000, alipokuwa akishiriki kazi ya programu za manowari ya jeshi la maji la Marekani, akitaka hifadhidata isiyohitaji seva wala msimamizi wa kuiangalia. Imezaliwa kwa ajili ya chombo cha baharini! Leo imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone, haina malipo, na waandishi wake wanasema wanakusudia kuitunza mpaka mwaka 2050. Kwa mwanafunzi asiye na pesa ya kukodi seva, hiyo ni neema.

Sasa nifike kwenye wakati, ambao umenipotezea usingizi kuliko kitu chochote darasani. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na Kenya iko saa 3 mbele ya wakati wa dunia mwaka mzima, bila kusogeza saa kama wanavyofanya Ulaya. Kufikia hapo ni rahisi. Ami akisema saa moja asubuhi, simu inasema saba. Unaondoa sita, umemaliza. Lakini mzigo uliopakiwa usiku wa Ijumaa, kwa hesabu ya ami, umepakiwa baada ya magharibi ya Alhamisi, maana siku yake inaanza jua likizama. Kwenye simu bado ni Alhamisi mpaka saa sita za usiku. Mteja akidai "niliuleta usiku wa Ijumaa", binamu akafungua kumbukumbu za Ijumaa, hakuti kitu, na maneno yanaanza. Tulichofanya ni kuhifadhi wakati wa dunia peke yake, kisha kuuonyesha kwa namna ya anayeutazama: ukichagua hesabu ya ami, siku inageuka magharibi.

Saa ya kuondoka ndiyo iliyokuwa na kina hasa. Kila mfano wa tiketi niliowahi kuuona una saa ya kuondoka. Nilipomuuliza ami boti inaondoka saa ngapi, alinitazama kwa huruma.

"Mai yakijaa."

Mkanda ni mwembamba na kina chake kidogo. Boti iliyosheheni simiti haipiti maji yakipwa. Maji yanajaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku safari inasogea mbele karibu dakika 50, mpaka inaangukia wakati usiofaa na ami anaruka kwenda maji ya pili. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapanda sana na kushuka sana. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na boti nzito inaweza kusubiri. Ratiba hiyo haiandikiki kwenye jedwali la Jumatatu mpaka Jumamosi.

Hapo ndipo hamu yangu ilipopata mahali pa kushika. Maji ya bahari yanatabirika. Mwaka 1872 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kapi iliyojumlisha mawimbi ya mwezi na ya jua na kuchora maji yatakavyokuwa siku zijazo. Kanuni ile ile leo inaingia kwenye mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu, ukiwa na vipimo vya mahali. Nilipomwonyesha ami mchoro wa wiki nzima, aliufuata kwa kidole, akakubali siku mbili tatu, akakataa moja. Upepo wa kusi, akasema, ukivuma kwa nguvu kutwa, maji hayafuati karatasi. Na mchanga wa Mkanda hautulii mahali pamoja. Kwa hiyo programu inapendekeza muda wa safari na nahodha ndiye anayeukubali au kuukataa, na akiukataa halazimiki kueleza kwa nini. Mhadhiri mmoja aliniambia kwamba hicho ni kipengele kisichokamilika. Naona ndicho kipengele kilichokamilika kuliko vyote.

Chuo kikuu nakihitaji, nisieleweke vibaya. Bila ya somo la algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, nisingejua kwa nini orodha yangu ya wateja ilikuwa ikitambaa, na bila ya somo la majaribio nisingepata njia ya kumridhisha ami. Nilichukua kurasa za zamani za daftari, nikaziingiza zote, na kuitaka programu itoe jumla ile ile aliyoiandika yeye chini ya ukurasa. Kila ninapobadilisha kitu, kurasa zile zinapita tena zenyewe kabla sijampelekea toleo jipya. Kitu ambacho hatufundishwi vya kutosha ni kusoma msimbo wa watu wengine. Nimejifunza hilo kwa kuupitia msimbo wa Ushahidi, mfumo ulioanzishwa na Wakenya mwaka 2008 kukusanya ripoti za ghasia za baada ya uchaguzi, kisha ukatumika hata Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Unausoma na kuona mahali mtu alipokuwa na haraka, mahali pengine alipotulia, na maelezo aliyomwachia atakayekuja nyuma.

Jambo moja halijatatuliwa na linanisumbua. Ami anataka aone madeni yote kwenye ukurasa mmoja. Kazi ya dakika chache. Lakini simu ya botini inapita mikononi mwa mabaharia, na kule visiwani deni la mtu ni siri yake. Kwenye daftari limetawanyika kurasa tofauti na anayejua kulijumlisha ni ami peke yake. Ugumu wa kusoma daftari ulikuwa ukiwasitiri watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nimeisoma, nayo inataka data ya mtu itumike kwa lile tu lililokusudiwa. Kwa sasa ukurasa wa madeni unafunguka kwenye simu ya ami tu, kwa nywila, na hautumwi kwingine. Binamu ananuna.

Kwa hiyo nikiulizwa malengo, haya ndiyo. Nataka niijue vizuri elimu ya data inayoishi kwenye mashine zisizoonana kila wakati, niende nayo mbali kuliko nilikofikia kwa kubahatisha. Nataka hesabu za maji nizielewe mwenyewe, nisiwe wa kunakili kanuni. Nataka nifanye kazi mahali penye programu ya zamani, iliyoandikwa na watu walioondoka, nione inavyotunzwa. Pengine itakuwa Nairobi, maana mshahara uko huko, na sitajifanya kwamba nimeapa kurudi. Mradi wa mwaka wa mwisho nimeshaupeleka kama ulivyo, boti na maji yake. Niliombwa nione kama unaweza kutiwa akili unde. Nikaona hauwezi.

Ami amesema ataliweka daftari kando siku jumla za simu na za daftari zitakapolingana Ramadhani nzima, kwa sababu huo ndio msimu mizigo inapofurika, tende, mchele, unga, na watu wote wakiwa na haraka kabla ya futari. Ni sharti la haki. Ramadhani ijayo nitakuwa kwenye mitihani, kwa hiyo binamu ndiye atakayelinganisha. Nimeanza kumfundisha Git, na nimemwandikia maelezo kwa Kiswahili, la kwanza kabisa likiwa namna ya kuweka nakala ya data kabla hajagusa chochote.